Walishinda Kombe, Wakafungiwa Mlango



Safari hii tunaandika habari za vijana wa Korea ya Kusini waliokuwa wakilipwa na kampuni ya kuunda meli ili wacheze mchezo wa kompyuta. Tunajua baadhi yenu watacheka. Mtu aamkaye saa kumi alfajiri kwenda kuchuma majani ya chai, au asimamaye zamu ya usiku mbele ya mashine ya kufuma, ana haki ya kuuliza: hivi kucheza nako ni kazi? Tunamwomba asome kwanza, kisha aseme mwenyewe kama hawajui vijana hawa.

Mwaka 1997 fedha ya Korea ilianguka, makampuni makubwa yakafilisika na watu wengi wakaachishwa kazi. Serikali yao, katika kutafuta pa kutokea, ilitandaza nyaya za intaneti ya kasi nchi nzima. Vikafunguliwa vyumba vingi vya kompyuta ambamo mtu hulipa kwa saa, na vijana wasio na kazi wakavijaza. Mwaka 1998 kampuni moja ya Marekani, Blizzard, ilitoa mchezo uitwao StarCraft. Watu wawili huketi, kila mmoja mbele ya kompyuta yake. Kila mmoja huchimba madini, hujenga kambi, huunda askari, kisha huivamia kambi ya mwenzake. Ni kama bao, kwa kuwa ni akili dhidi ya akili, ila hapana kungojeana zamu: wote wawili hucheza kwa wakati mmoja, na vidole vya bingwa hugonga vitufe mara mia tatu na zaidi katika dakika moja.

Wakorea waliupenda mchezo huo kama sisi tupendavyo mpira. Televisheni zikauonyesha usiku na mchana. Mwaka 2000 kiliundwa chama cha kusimamia mashindano, KeSPA, na mwaka 2003 ikaanza ligi ya timu, Proleague. Fainali ya mwaka 2004 ilichezwa ufukoni Gwangalli, katika mji wa Busan, na waandaaji walisema watazamaji walifika laki moja. Timu ya Hanbit Stars iliwashinda SK Telecom T1.

Sasa mabwana wenye mali hawawezi kuona watu laki moja wamekusanyika pahali pamoja wakanyamaza. Makampuni ya simu yalikuwa na timu, SK Telecom na KT. Samsung ilikuwa na timu. Kampuni ya viatu, Hwaseung, ilikuwa na timu. Woongjin, kundi lililojulikana zaidi kwa vitabu na mashine za kuchujia maji, iliichukua ile Hanbit Stars mwaka 2008 na kuiita Woongjin Stars. Hata Jeshi la Anga liliunda timu ya wachezaji walioitwa kutumikia jeshi kwa sheria. Jina la mwenye mali lilitangulia daima, na jina la timu likafuata nyuma kama mtumishi na mwavuli.

Ndipo twafika kwa wale tuliotaka kuwaeleza. Palikuwa na timu iitwayo SouL, iliyoishi miaka yake ya mwanzo bila tajiri wa kuilea. Mwaka 2007 ilipata tajiri: STX. Tangu siku hiyo iliitwa STX SouL.

STX haikuwa kampuni ya kompyuta. Ilikuwa kundi la makampuni ya injini, meli na usafirishaji wa baharini. Mwenye kundi, Kang Duk-soo, hakuzaliwa katika koo kubwa za matajiri wa Korea. Alikuwa mwajiriwa wa mshahara, akapanda hadi ukuu wa fedha katika kampuni ya injini ya Ssangyong, na kampuni hiyo ilipouzwa akainunua. Mwaka 2001 aliipa jina la STX, na mwaka huohuo akanunua kiwanda cha meli huko Jinhae, pwani ya kusini. Mwaka 2004 alinunua kampuni ya meli za mizigo, Pan Ocean. Mwaka 2007 alianza kuyanunua makarakana ya meli ya Ulaya ya Aker Yards, hata karakana ya Saint-Nazaire kule Ufaransa ikawa chini ya jina lake. Huko Dalian, China, alijenga kiwanda kingine kikubwa. Magazeti ya Korea yalimsifu kama mwajiriwa wa mshahara aliyeonyesha njia. Fedha za kununulia yote hayo, kwa sehemu kubwa, zilikuwa za kukopa.

Mtu wa namna hiyo anataka jina lake lijulikane kwa vijana, na timu ya mchezo wa kompyuta ilikuwa njia ya bei rahisi. Bango moja la televisheni hugharimu fedha nyingi. Kundi la vijana wenye jina lako kifuani huonekana kila juma, msimu mzima.

Je, waliishije? Timu za Korea ziliweka wachezaji wote katika nyumba moja. Walilala pamoja, walikula pamoja, na walifanya mazoezi saa kumi, hata kumi na mbili kwa siku. Wenye majina walilipwa vizuri, tena wengine vizuri sana. Lakini kila bingwa alikuwa na wenzake wa safu ya nyuma ambao kazi yao ilikuwa kucheza naye mazoezini apate kunoleka. Wengi wa hao walipata posho ndogo au hawakupata kitu ila chakula na kitanda. Waliopata kufanya kazi kama wanafunzi wa fundi gereji, mwaka wa kwanza na wa pili, wanaujua mpango huo bila kuelezwa.

Mwili nao ulidai haki yake. Lee Young-ho wa timu ya KT, ambaye wengi walimwona bingwa kuliko mabingwa wote wa mchezo ule, alipasuliwa mkono mwaka 2011. Alikuwa na umri wa miaka 19. Mwanamke wa kiwanda cha nguo mwenye kifundo cha mkono kilichovimba kwa kurudia tendo moja tangu asubuhi hadi jioni hatatuuliza tena kama kucheza ni kazi.

Tutazame na mikataba. Ndani ya KeSPA waliokaa mezani walikuwa wajumbe wa makampuni yenye timu. Wachezaji hawakuwa na chama cha wafanyakazi. Mwaka 2009 uliwekwa utaratibu wa mchezaji aliyemaliza muda wake kuhama. Ulisifiwa kuwa ni uhuru, nao ulikuwa hivi: makampuni yalitaja bei zao, na iliyotaja kiasi kikubwa ndiyo iliyompata mchezaji. Yeye mwenyewe hakuwa na hiari ya kuchagua. Lee Jae-dong, nyota wa timu ya kampuni ya viatu, aliingia katika mnada huo, na hakuna kampuni hata moja iliyotaja bei. Bingwa ambaye nchi nzima ilimjua alirudi kwa mwajiri wake wa zamani, kupatana naye akiwa hana pengine pa kwenda. Sisi hatukuwapo katika vyumba vya mapatano, lakini tunajua mwajiri huzungumza namna gani na mtu asiye na pengine pa kwenda.

Mwaka 2010 ilitokea aibu kubwa. Wachezaji kumi na mmoja walifukuzwa maisha kwa kosa la kuuza mechi kwa wacheza kamari. STX nayo ilikuwa na mtu wake kati ya hao. Hatuwatetei. Mfanyakazi anayeuza kazi ya wenzake amewauza wenzake. Lakini tuliona jinsi wakubwa wa mchezo walivyosimama kuhubiri juu ya tabia njema ya vijana, pasipo mmoja kusimama aeleze kwa nini kijana wa safu ya nyuma, ambaye nyumba nzima inaishi kwa jina lake na jasho lake, hakuwa na mshahara wa kumfanya akatae bahasha ya mcheza kamari.

Kisha ikaja mashine mpya. Blizzard ilikuwa imetoa StarCraft ya pili mwaka 2010, na mwaka 2012 Proleague iliuacha mchezo wa zamani, ikahamia mpya. Hapa kuna jambo ambalo halimo katika mpira wa miguu. Mpira hauna mwenyewe. Ukikosa wa ngozi utafunga matambara, utacheza. Mchezo wa kompyuta una mwenyewe, naye huketi Kalifonia. Watu waliotumia miaka kumi kujifunza ufundi mmoja waliambiwa waanze tena. Wengine hawakuweza, wakaenda zao. STX walikuwa na vijana walioweza, na wa mbele yao alikuwa Lee Shin-hyung.

Msimu wa 2012 hadi 2013 ulikuwa wa STX SouL. Haukuwa msimu wa STX yenyewe. Tangu shida ya fedha ya dunia ya mwaka 2008, wenye mizigo waliacha kuagiza meli mpya, na mtu aliyenunua makarakana kwa mikopo alibaki na makarakana na mikopo. Mwezi Juni 2013 Pan Ocean ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Kiwanda cha Jinhae kiliwekwa mikononi mwa mabenki. Katika majuma hayohayo vijana wa SouL walikuwa wakipanda ngazi za mwisho za ligi, na jina la kampuni lililoandikwa vifuani mwao ndilo lililokuwa likisomwa katika kurasa za habari za kufilisika.

Fainali ilichezwa Agosti 2013. Upande wa pili walikuwa Woongjin Stars. Nao Woongjin? Kampuni mama yao ilikuwa imekwenda mahakamani tangu Septemba 2012 kwa kushindwa kulipa madeni. Basi wale waliokaa kutazama fainali hiyo walitazama makampuni mawili yaliyoanguka yakigombea kombe kwa mikono ya watoto. STX SouL walishinda. Lilikuwa kombe lao la kwanza la ligi, na la mwisho.

Mwezi huo haukwisha kabla STX haijaacha kuwalipa. Hakuna aliyesema wamecheza vibaya. Hakuna aliyesema wamechelewa kazini au wamevunja kifaa. Walikuwa bora kuliko wote katika kazi yao, na walifungiwa mlango.

Walijaribu kuendelea kwa jina la SouL tu, bila tajiri, kama zamani. Mwezi Oktoba kijana wao mmoja, Baek Dong-jun, alishinda ubingwa wa Korea, na mwezi huohuo akaenda Toronto, Kanada, akashinda na fainali ya msimu ya dunia. Mwezi Novemba, kule Anaheim, Marekani, fainali kuu ya mwaka ilichukuliwa na Kim Yoo-jin wa Woongjin Stars, na zawadi yake ilikuwa dola 100,000. Mtu angedhani timu zenye watu wa namna hiyo zitagombewa. Kabla ya mwaka kwisha zote mbili zilikuwa hazipo. Lee Shin-hyung alichukuliwa na Acer, watengenezaji wa kompyuta wa Taiwan. Wengine walikwenda SK Telecom, wengine kwa kampuni ya ndege ya Jin Air. Ambao hawakuwa na jina walirudi kwao.

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Vijana wale walivaa fulana ya mtu.

Lakini tusiishie kwa vijana, maana pale Jinhae palikuwa na watu wengine waliovaa nguo yenye jina lilelile: wachomeleaji, wapaka rangi, waendesha kreni. Habari yao tunaiona ni sehemu ya pili ya habari hii moja. Kang Duk-soo aling'olewa katika uongozi mwaka 2013, akakamatwa mwaka 2014 kwa mashtaka ya kutumia vibaya mali ya kampuni na kupika hesabu, akahukumiwa miaka sita. Mwaka 2015 rufaa ilimpunguzia, ikampa kifungo cha nje, akarudi nyumbani. Kiwanda kiliendelea kuzama. Mei 2016 kiliomba ulinzi wa mahakama. Tarehe 20 Agosti 2017, siku ya Jumapili, tangi la meli ya mafuta lililokuwa likipakwa rangi ndani lililipuka, na wafanyakazi wanne wakafa. Wote wanne walikuwa wa kampuni ya mkandarasi, si waajiriwa wa kiwanda chenyewe. Hiyo Jumapili tunaomba isomwe tena na kila tawi lenye vibarua wa wakala ndani ya uzio wake.

Mwaka 2018 serikali na mabenki walitaka gharama ya wafanyakazi wa uzalishaji ipunguzwe kwa asilimia 75, ama sivyo kiwanda kifungwe. Tawi la Chama cha Wafanyakazi wa Chuma liligoma, likapatana. Walikubali kupunguziwa mshahara na bonasi, na kila mtu kukaa likizo bila malipo miezi sita kila mwaka, wakipokezana, ili asifukuzwe yeyote kwa nguvu. Hayakuwa mapatano matamu. Jaribu wewe kulisha watoto miezi sita bila mshahara. Mwaka 2020 mabwana walipotaka likizo hiyo iendelee, wafanyakazi waligoma tena tangu mwezi Juni, na kiongozi wa tawi akakaa bila kula. Mwezi Julai serikali ya mkoa na mji wa Changwon waliingia kati, na mapatano mapya yakatiwa sahihi. Mwaka 2021 kiwanda kilipata wanunuzi, kikabadili jina kuwa K Shipbuilding.

Wekeni habari hizo mbili kando kwa kando. Deni ni lilelile, tajiri ni yuleyule, mwaka wa balaa ni uleule 2013. Wachomeleaji waliumia kwa miaka minane, lakini kila mara palikuwa na meza, na upande mmoja wa meza hiyo palikuwa na mtu aliyetumwa nao. Wachezaji walikuwa na kombe. Hakuna aliyetumwa nao, hakuna wa kuitwa mezani, na kazi yao ilikwisha kwa tangazo moja.

Tumewasikia wenzetu wengine wakisema: fedha za timu zilikuwa jasho la wachomeleaji, kwa nini tuwalilie waliozila? Swali hilo si la kupuuzwa. Kiwanda kinapokataa kuongeza senti kwenye kilo huku kikinunua basi jipya la timu, hasira ni halali. Lakini ielekezwe panapostahili. Aliyepanga kiasi cha timu na kiasi cha mshahara ni mtu mmoja, naye hakuwa yule kijana aliyelala chumba kimoja na wenzake. Tukimchukia mchezaji tumemfanyia bwana kazi yake bure.

Korea yenyewe ilijifunza, ingawa polepole. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba mchezaji mmoja aliyekuwa hajatimiza umri wa utu uzima alisukumwa na wakubwa wa timu yake atie sahihi mkataba mrefu wa kwenda China. Watu walikasirika, bunge likauliza, na mwaka 2020 sheria ilibadilishwa ili pawepo mikataba ya mfano kwa wachezaji wote. Ilichukua miaka ishirini tangu KeSPA iundwe. Na mkataba mzuri hauzuii kampuni kufunga duka: mwaka huohuo 2020, ndege zilipokaa chini kwa ajili ya korona, Jin Air iliivunja timu yake ya StarCraft. Ndani yake alikuwamo Cho Sung-ho, mmoja wa wale vijana wa STX wa mwaka 2013. Kwa mara ya pili alifungiwa mlango na tajiri aliyeishiwa.

Huku kwetu timu za namna hiyo tunazijua tangu zamani, ila zetu ni za mpira. Mtibwa Sugar walichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1999 na 2000. Kakira Sugar wa Uganda, Chemelil na Mumias wa Kenya, wote walibeba jina la miwa na kiwanda. Mashamba mengi yasiyo na timu ya ligi yana timu ya Jumapili, na kijana mwenye mguu mzuri huandikwa kazi upesi kuliko mwenzake. Hilo si baya. Ubaya huanza siku goti lake linapovunjika mbele ya watu elfu mbili waliokuja kushangilia jina la kampuni, na karani anapofungua daftari kutafuta ameandikwa nani: mfanyakazi, kibarua, au mgeni.

Kwa hiyo tunayaomba matawi yote yaliyo katika kiwanda au shamba lenye timu yafanye jambo hili kabla ya mazungumzo ya mkataba wa mwaka ujao. Waulizeni wachezaji wameandikwa kazi gani na kwa mshahara gani. Ulizeni kama saa za mazoezi huhesabiwa saa za kazi. Ulizeni aliyeumia uwanjani hulipwa kwa sheria ileile ya aliyeumia mashineni, au hupewa nauli ya kurudi kwao. Ulizeni timu ikivunjwa kijana atarudi katika idara gani. Waandikisheni katika chama kama hawajaandikishwa, na wao pia wakatwe ada kama sisi. Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi ya katibu wa tawi, yaletwe katika kikao cha wajumbe pamoja na madai mengine ya mishahara.